Mti Mkubwa Uani: Je, ni Salama?



Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike somo moja la Biolojia ambalo mwanafunzi aweza kulichukua mpaka nyumbani, na wazazi nao wakalisoma wakapata faida. Nimechagua habari ya mti mkubwa ulio karibu na nyumba. Hapa kwetu Muheza ni nyumba chache zisizokuwa na mwembe, mfenesi, mkungu au mnazi karibu na ukuta. Chini ya miti hiyo twapumzika, twapokea wageni, twaozesha watoto na kuweka matanga. Lakini kila masika yanapokaribia, swali huwa ni lile lile: "Mti huu hautatuangukia?"

Kuna watu wanaolijibu swali hilo kwa hofu, wakaukata mti mzima usiokuwa na kosa lolote. Kuna na wengine wanaolijibu kwa mazoea, wakasema, "Mti huu ulikuwapo tangu zamani za babu," nao huendelea kulala chini yake mpaka siku ya msiba. Wote hao wamekisia tu. Nataka kuwaonyesha kwamba mti unaweza kuchunguzwa kwa macho, kwa mikono, kwa kamba ya kupimia na kwa hesabu mnayofundishwa darasani.

KOSA LANGU MWENYEWE

Kwanza sina budi kusema kwamba somo hili nililipata kwa kosa langu. Nyuma ya jiko langu palikuwa na mkungu mzuri, wenye majani mengi na kivuli kipana. Wakati wa kiangazi tulichimba shimo la karo, kama mita 2 kutoka shina. Mafundi walikutana na mizizi minene kama mkono wa mtu, wakaikata kwa shoka. Mimi mwalimu wa Biolojia nilikuwa nimesimama pale pale nikitazama, wala sikusema neno. Miezi ikapita, mti ukaendelea kuwa wa kijani. Nikamwambia mke wangu, "Mti huu hauna neno."

Ikaja masika ya mwaka 2024, mvua ile ambayo wote tunaikumbuka. Siku moja ya mwezi wa Aprili mwanangu mdogo akanijia akasema, "Baba, ardhi imepasuka pale kwenye mti." Nilikuwa nasahihisha madaftari. Nikamjibu, "Ni mvua tu, mwanangu." Kesho yake jioni mke wangu alitoka jikoni kuniletea chai sebuleni. Hata hajaweka kikombe mezani, tukasikia kishindo. Tulipotoka na tochi tuliona mkungu umelala juu ya jiko, mabati yamekunjika kama karatasi, na sufuria ya wali imefunikwa na udongo. Mizizi ya upande mmoja ilikuwa imesimama juu hewani. Ya upande wa karo haikuwapo.

Hakuna aliyeumia, na kwa hilo namshukuru Mungu. Lakini tangu siku ile nimeacha kusema "mti huu hauna neno" kabla sijautazama chini. Mtoto wa miaka 6 aliona dalili ambayo mwalimu wake hakutaka kuiona.

BIBI NA MWEMBE WAKE

Muhula huu mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu alinifuata baada ya kipindi. Akanieleza kwamba nyumbani kwa bibi yake pana mwembe mkubwa wenye pango shinani. Mjomba wake anataka ukatwe, maana chumba cha bibi kiko chini ya matawi yake. Mchoma mkaa mmoja amekwisha kubali kuukata bure, ili achukue magogo. Bibi hataki. Embe za mti ule ndizo zilizolipia sare na madaftari ya wajukuu, na chini yake ndipo alipokaa na marehemu mumewe. "Mwalimu," akaniuliza kijana, "nani ana haki, mjomba au bibi?"

Nikamjibu kwamba hilo si jambo la nani ana haki, tutakwenda kuuliza mti wenyewe. Jumamosi tukaenda, mimi na wanafunzi 6, tukiwa na kamba ya kupimia, gongo la mbao, fimbo ndefu na kipande cha nondo nyembamba. Tukamwamkia bibi, "Shikamoo, bibi." Akaitika, "Marahaba, wanangu," akatupa mkeka, akasema, "Tazameni, lakini msije mkanambia tu maneno ya kunifurahisha."

Maneno hayo tuliyashika kama agizo. Basi haya ndiyo tuliyoyafanya, hatua kwa hatua.

HATUA YA KWANZA: UKIANGUKA, UTAANGUKIA NINI?

Watu wengi huanza kwa kutazama mti. Sisi tulianza kwa kutazama kilicho chini yake. Mti mbovu uliosimama peke yake katikati ya pori hauna hatari kwa mtu. Mti wenye kasoro ndogo juu ya kitanda cha mtoto una hatari kubwa. Kwa hiyo maswali ni matatu: Je, mti au tawi laelekea kuanguka? Likianguka, litampata nani au nini? Na uzito wake ni kiasi gani? Hatari huzaliwa na majibu yote matatu pamoja.

Tulipima urefu wa mti bila kuupanda. Shika fimbo wima, huku mkono umenyooka mbele yako. Sehemu ya fimbo iliyo juu ya ngumi yako iwe na urefu sawa na umbali kutoka jicho lako hadi ngumi. Halafu rudi nyuma mpaka ncha ya fimbo ilingane na kilele cha mti, na ngumi ilingane na chini ya shina. Umbali kutoka ulipo wewe mpaka kwenye shina ni sawa na urefu wa mti. Wanafunzi wa Hisabati watajua sababu: ni pembetatu mbili zinazofanana. Mwembe wa bibi ulikuwa na mita 17, na nyumba iko mita 6 kutoka shina. Basi ukianguka upande ule, nyumba haitaokoka.

Kisha tukauliza watu hukaa wapi na kwa muda gani. Jiko hutumika saa chache, banda la kuku halina mtu. Lakini chumba cha bibi kina mtu usiku kucha, na usiku wa dhoruba ndio mtu asipoweza kutoka. Chumba hicho tukakiandika juu kabisa katika orodha yetu.

HATUA YA PILI: TAZAMA MTI WOTE KWA MBALI

Simama mbali uzunguke mti mzima. Je, umesimama wima au umeinama? Mti ulioinama tangu utoto wake si lazima uwe wa hatari, maana umeota mizizi na mbao imara za kuushikilia, na aghalabu kilele chake kimegeuka kuelekea juu. Mti wa kuogopwa ni ule ulioanza kuinama juzi: kilele kimelala pamoja na shina, na udongo umeinuka au kupasuka upande wa nyuma. Mti wa namna hiyo usingojee kikao cha familia. Watu watoke kwanza ndani ya nyumba.

Tazama na majani. Mwembe hauachi majani yote kwa wakati mmoja, kwa hiyo tawi la mwembe lililo kavu kabisa limekufa. Lakini mkungu na mbuyu huangusha majani kwa majira yake, basi usiyahukumu matawi yake wakati wa kiangazi. Vile vile majani machanga ya mwembe huwa mekundu au ya rangi ya shaba. Huo si ugonjwa. Mwembe wa bibi ulikuwa na majani mengi, ila tawi moja lililokauka upande wa barabara.

Hata hivyo kumbukeni mkungu wangu. Majani ya kijani huonyesha kwamba maji yanapanda mtini. Hayaonyeshi kwamba mti umeshikwa vema na ardhi.

HATUA YA TATU: MIZIZI

Watu wengi hudhani kwamba mti una mzizi mmoja mkubwa ulioshuka chini kama msumari. Katika miti mingi mikubwa sivyo. Sehemu kubwa ya mizizi imo katika mita 1 ya juu ya udongo, nayo husambaa mbali, mara nyingi kupita mwisho wa kivuli cha matawi. Mti umesimama kama glasi ya mguu iliyowekwa juu ya sahani pana. Ukiimega sahani upande mmoja, glasi yaweza kuanguka.

Kwa hiyo uliza historia ya ardhi: Je, pamechimbwa msingi, karo, bomba la maji au mtaro? Je, pamejazwa kifusi juu ya mizizi? Je, magari husimama pale? Tazama pia mahali shina linapoingia ardhini. Kwa kawaida shina hupanuka chini kama mguu wa tembo. Likiingia ardhini limenyooka kama nguzo ya umeme, huenda limefukiwa na udongo, na gome lake laweza kuwa linaoza chini.

Chunguza kama pana uyoga mgumu ulioshikamana na shina kama kisahani, karibu na ardhi. Kuvu hiyo hula mbao za mizizi na shina, na uyoga tunaouona ni tunda lake tu. Mwili wake umo ndani ya mti. Mti wenye dalili hiyo karibu na nyumba unahitaji mtaalamu. Mchwa, kwa upande wake, mara nyingi hufuata mbao zilizokwisha kufa. Ukiona njia zao za udongo juu ya gome, usiutie mti hatiani mara moja. Fuatilia ujue wanakokwenda.

Pale kwa bibi hatukuona uyoga wala ufa ardhini. Lakini mwanafunzi mmoja akauliza, "Mwalimu, vigingi hivi ni vya nini?" Tukaona vigingi vinne na kamba ya fundi, mita 2 tu kutoka shina. Mjomba akatueleza kwamba anataka kumjengea mama yake chumba kipya, na msingi ungechimbwa wiki ile ile.

Nilinyamaza kidogo, maana nilikumbuka karo langu.

Wataalamu wana kanuni ya kulinda mizizi: pima kipenyo cha shina kwenye kimo cha kifua, kisha zidisha mara 12. Hilo ndilo eneo la kuzunguka mti ambalo halifai kuchimbwa. Tena, ukichimba karibu zaidi kuliko mara 3 za kipenyo, unakata mizizi ile ile inayoushikilia mti usianguke. Kipenyo cha mwembe ule kilikuwa sentimita 90. Mara 12 ni mita 10.8, mara 3 ni mita 2.7. Msingi wa mjomba ulikuwa ndani ya mita 2.7, na kwa upande unaotoka upepo wa kusi! Mizizi ya upande unaotoka upepo ndiyo inayovuta kama kamba za hema. Ingekatwa, mti ungelala juu ya nyumba.

Mjomba alikuwa mtu mwema aliyetaka kumwokoa mama yake. Lakini alikuwa akiliogopa pango, kumbe hatari ilikuwa katika sururu yake mwenyewe.

HATUA YA NNE: SHINA NA PANGO LAKE

Sasa tukaligeukia lile pango lililowatia watu hofu. Yapasa tufahamu mti hufanyaje ukijeruhiwa. Mtu akikatwa, mwili hutengeneza nyama mpya mahali pa jeraha. Mti hauwezi. Alex Shigo, mtaalamu wa Kimarekani aliyepasua maelfu ya miti ili aone ndani yake, alieleza katika miaka ya 1970 kwamba mti hulizungushia jeraha kuta za kuzuia kuoza, kisha huota mbao mpya nje yake. Kwa hiyo kiini cha mti chaweza kuoza na kuwa tupu, na huku mbao mpya za nje zikazidi kuwa nene mwaka hata mwaka.

Je, mti wenye pango ni dhaifu? Hapa ndipo Hisabati inapoleta ajabu yake. Uwezo wa shina la mviringo kukataa kupindwa hufuata kipenyo kikizidishwa chenyewe mara nne. Tuseme pango lina nusu ya kipenyo cha shina. Nusu mara nusu mara nusu mara nusu ni 1/16. Yaani shina limepoteza sehemu 1 tu katika 16, kama asilimia 6. Ndiyo sababu fremu ya baiskeli ni bomba tupu, nayo humbeba mtu na gunia lake. Lakini pango likifika sehemu 8 katika 10 za kipenyo, hasara ni kama asilimia 41. Likifika sehemu 9 katika 10, ni kama asilimia 66. Mwanzoni hasara ni ndogo, mwishoni huja kwa kasi.

Mtaalamu wa Kijerumani Claus Mattheck alichunguza miti mingi iliyovunjika, na kutokana na kazi yake imepatikana kanuni nyepesi: ukuta wa mbao nzima usipungue kama theluthi moja ya nusu kipenyo. Kanuni hii ni ya kuanzia tu. Pango likiwa na mdomo mpana ubavuni, au shina likiwa na nyufa, mti huwa dhaifu kuliko hesabu inavyosema.

Tukapima mzingo wa shina: mita 2.83. Tukagawa kwa 3.14, tukapata kipenyo cha sentimita 90, na nusu kipenyo sentimita 45. Tukaligonga shina kwa gongo pande zote. Mbao nzima hulia "ko, ko" kwa sauti kavu. Mbao tupu hulia kama ngoma. Tulichora kwa chaki mahali sauti ilipobadilika. Mdomo wa pango ulikuwa mdogo, mkono wa mwanafunzi ulipenya kwa shida. Tulihakikisha kwanza kwamba hamna nyuki wala nyoka, kisha tukaingiza nondo mpaka ikagota kwenye mbao ngumu. Pango lilikuwa na upana wa kama sentimita 40, na kuta zake zilikuwa na unene wa sentimita 24 hivi. Theluthi ya 45 ni 15. Ukuta wa 24 umezidi kwa mbali. Hasara ya nguvu, kwa hesabu ile ile, haifiki asilimia 5. Na hata tukiongeza kidogo kwa ajili ya mdomo, bado shina ni imara.

Bibi akauliza, "Basi niizibe kwa saruji, mwanangu?" La. Zamani mapango yalijazwa saruji hata katika nchi zilizoendelea, lakini desturi hiyo imeachwa. Saruji haipindi pamoja na mti, hukwaruza kuta zake, na huhifadhi unyevu. Wala msiwashe moto ndani ya pango kufukuza nyuki, maana moto huua zile mbao za nje ambazo ndizo uzima wa mti.

HATUA YA TANO: MATAWI NA PANDA ZAKE

Miti mingi haianguki mzima, hupoteza matawi. Tazama hasa panda, yaani mahali tanzu mbili zinapoachana. Panda iliyo pana kama herufi U kwa kawaida ni imara. Panda nyembamba kama herufi V, ambayo gome limebanwa katikati, ni dhaifu, kwa sababu mbao za pande mbili hazikuungana. Kadiri tanzu zinavyonenepa ndivyo zinavyosukumana.

Juu ya chumba cha bibi tukaiona panda ya namna hiyo. Kwa darubini tuliyoiazima shuleni tukaona na ufa mwembamba, ukitoa utomvu mweusi. Tanzu ile ilikuwa na kipenyo cha kama sentimita 35 na urefu wa mita 6 katika sehemu yake nene. Hesabu: 3.14 mara 0.175 mara 0.175 mara 6 ni karibu mita za ujazo 0.58. Mbao mbichi huelekea uzito wa maji, kwa hiyo tanzu ile ina zaidi ya nusu tani, yaani magunia 5 ya mahindi na zaidi, yakining'inia juu ya kitanda cha bibi kizee. Hapo hakuna mwanafunzi aliyecheka tena.

Basi hatari ilikuwapo kweli, lakini haikuwa pale watu walipokuwa wakiitazama.

HATUA YA SITA: FIKIRI JUU YA UPEPO NA MVUA

Upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake ya kusukuma haiwi mara mbili, huwa mara nne. Tena mvua ya siku nyingi hulainisha udongo, na mizizi hupoteza mshiko wake. Mvua na upepo vikija pamoja, ndipo miti hulala. Pwani yetu imepata kuona hayo. Mwezi wa Aprili mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi. Pemba iliokoka, na tangu hapo ikawa ndiyo kisiwa kikubwa cha karafuu. Na mwezi wa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika karibu na Mafia. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa onyo, onyo hilo ni letu, si la wavuvi peke yao.

TULIAMUA NINI

Tulikaa mkekani na bibi na mjomba, tukawasomea tuliyoandika. Mwembe usikatwe. Tanzu moja iliyo juu ya chumba iondolewe kabla ya masika, pamoja na tawi kavu la barabarani. Msingi usichimbwe pale. Chumba kijengwe upande wa pili wa nyumba, mita 12 kutoka shina, ambapo nafasi ipo. Na mpaka tanzu ikatwe, bibi alale chumba cha mbele.

Mjomba alifikiri kwa muda. Kisha akasema, "Mwalimu, ningechimba Jumatatu." Akaenda akavung'oa vigingi kimoja kimoja.

Kukata tanzu si kazi ya wanafunzi wala ya mwalimu. Aliitwa mkata miti mzoefu, mwenye kamba na msaidizi. Tulimwomba asiikate kwa pigo moja, maana tawi zito huvunjika kabla halijakatika, likachuna gome la shina mpaka chini. Alikata kwanza kutokea chini, mbali kidogo na shina. Kisha kutokea juu, mbele zaidi, tawi likaanguka. Mwisho akaondoa kisiki kilichobaki, akikiacha kile kivimbe kilicho shingoni mwa tawi. Kivimbe hicho ndicho kinachofunika jeraha. Kukata sawasawa na shina ni kosa, na kuacha kisiki kirefu ni kosa. Kosa kubwa kuliko yote ni kuukata mti kichwa chote: vichipukizi vitakavyoota vitashikwa na gome tu, na baada ya miaka michache vitakuwa matawi mazito yenye mshiko dhaifu juu ya mbao zinazooza.

Mti ukigusa nyaya za umeme, usithubutu kuukata. Toeni habari kwa shirika la umeme. Na kabla ya kuangusha mti wowote, ulizeni ofisi ya kijiji au ya mtaa kama kibali chahitajika.

Mwaka hata mwaka mwembe ule utachunguzwa tena, kabla ya masika na baada ya kila dhoruba. Mti ni kitu chenye uhai, nao hubadilika. Hukumu ya mwaka huu si hukumu ya milele. Tena hakuna awezaye kusema kwamba mti fulani hautaanguka kamwe. Twaweza kusema tu kwamba tumetazama vizuri, tumeondoa hatari tuliyoiona, na kilichobaki ni kidogo.

Wazee walisema, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Mimi nilijenga upya ukuta wa jiko, kwa sababu mtoto alinionyesha ufa nami sikunyanyuka kitini. Wazazi, mtoto akiwaambia kwamba ardhi imepasuka, tokeni mkatazame.

MAZOEZI

1. Pima urefu wa mti ulio nyumbani kwenu kwa njia ya fimbo, na umbali wake hadi nyumbani. Je, ukianguka utafika?

2. Mfenesi una mzingo wa mita 1.57. Tafuta kipenyo chake. Msingi wa nyumba uwe umbali gani kutoka shina kwa kanuni ya mara 12? Ni umbali gani ambao usivukwe kamwe?

3. Shina lina kipenyo cha sentimita 60, na kuta za pango lake zina unene wa sentimita 8. Je, linatimiza kanuni ya theluthi? Eleza.

4. Eleza kwa nini mti wenye majani mengi ya kijani waweza kuanguka wakati wa masika.

5. Waulize wazee wa nyumbani: tangu mti wenu ulipokuwa mdogo, pamechimbwa nini karibu nao? Andika majibu yao, uyalete darasani.

Nawatakieni likizo njema.

Mwalimu wenu wa Biolojia.